Kamera Iliyorudia Maneno

Nimefundisha darasa la nne miaka thelathini na moja, na sijawahi kumpa mtoto alama asiyostahili. Kwa hiyo Kilian aliponikabidhi kamera ndogo ya video niijaribu siku tatu kabla ya kuinunua, mimi nilichukua na daftari. Kilian ni Mmatengo niliyemfundisha enzi zangu za Mbinga. Wakati huo wa kamera biashara huria ilikuwa imefunguliwa, wanunuzi binafsi wa kahawa wamejaa, na dukani kwake Mbinga kulikuwa na kila kitu cha Dubai. Aliniambia hiyo ndiyo ya bei nafuu kuliko zote alizoleta. Nikamjibu kwamba rahisi huwa ghali. Akacheka.

"Mwalimu, nyie wa ziwani hata samaki mnamkagua mara tatu."

Sikuitaka kwa anasa. Binti yetu Violet, aliyeolewa Dar es Salaam, alikuwa ameandika barua. Mtu wa huku, sijui nani mwenye mdomo mrefu, alimpasha habari kwamba mama yake amepungukiwa kumbukumbu, kwamba siku moja alitoka kanisani akashika njia ya bandarini badala ya njia ya nyumbani. Violet akasema Krismasi anakuja kumchukua, akakae naye mjini moja kwa moja. Nilikasirika sana. Mke wangu Ida alizaliwa hapa Liuli. Shamba lake la mihogo liko hapa, na akina mama wenzake wa kanisani wako hapa. Huko Dar angekaa kwenye kochi akiangalia ukuta. Tena, niseme ukweli, mimi ningebaki na nani?

Niliandika barua tatu kwamba mama yake ni mzima. Violet hakuamini hata moja. Nikasema basi, na aone kwa macho yake. Mkanda mmoja tu wa Ida akipokea mgeni sebuleni, na maneno yangekwisha.

Siku ya kwanza niliipeleka ufukweni, wanawake wakianika usipa, dagaa wetu wa ziwani. Uzito: kumi kwa kumi, maana hata bibi angeishika kwa mkono mmoja. Picha ya kwenye kitundu cha kuchungulia haizidi ukucha wa kidole gumba, tena haina rangi. Nikaipa nne. Siku ya pili nilijaribu ndani ya nyumba, nikaona weusi mtupu kama ndani ya chungu, mpaka nilipofungua madirisha yote mawili. Kwa mwanga hafifu nikaipa tatu na kuandika pembeni: "Ajitahidi."

Siku ya tatu alikuja Erasmo, mdogo wake Ida, kutoka Lituhi. Nikaiweka kamera juu ya kabati, nikaielekeza kwenye viti, nikabonyeza. Nilitaka pia kujua betri inadumu muda gani, kwa hiyo nilikwenda kukaa barazani na saa yangu nikawaacha waongee. Niliporudi ndani, karibu saa nzima baadaye, Ida alikuwa anamuuliza ndugu yake habari za nyumbani.

"Mama Violet, salamu tu hazijaisha?" nikamtania. "Mwache mgeni ale!"

Tukacheka wote. Betri niliipa nane.

Kesho yake nilipanda lori hadi Mbinga. Kilian akawasha jenereta, akaunganisha waya kwenye televisheni yake, tukakaa. Rangi zilikuwa nzuri kuliko nilivyotegemea. Ida alionekana amejifunga kitenge chake cha kijani, akimkaribisha Erasmo.

"Watoto hawajambo, Erasmo?"

"Hawajambo, dada. Mjukuu tu ana ukurutu, tunampaka dawa."

"Pole yake, jamani."

Baada ya muda akauliza tena, na Erasmo akajibu yaleyale. Hilo halikunishtua. Kwetu mgeni huulizwa habari za kwake mara mbili, mlangoni na tena akishakaa, na anayejua adabu hujibu mara zote mbili kwa ukamilifu. Lakini yakaja mara ya tatu. Watoto, mjukuu, ukurutu, pole yake jamani. Yakaja mara ya nne.

Nikapiga goti langu kwa kiganja. "Umeona? Mkanda unajirudia! Rahisi ghali, nilikwambia. Kitu hiki kina ubovu, Kilian, sikinunui."

 Kilian alirudisha mkanda nyuma, akausimamisha, akausogeza mbele, akausimamisha tena. Halafu akasema polepole, bila kunitazama:

"Mwalimu, kamera haina kosa. Angalia kikombe cha mzee."

Mara ya kwanza kikombe cha Erasmo kilikuwa kinafuka. Mara ya pili kilikuwa nusu. Mara ya tatu kilikuwa kitupu, na mara ya nne Ida alikuwa amekijaza upya. Mkanda haukujirudia. Shemeji yangu, kwa heshima ya dada yake, alikuwa anajibu kila mara kwa maneno yaleyale na tabasamu lilelile.

 Kisha nikajiona kwenye kioo cha televisheni nikiingia sebuleni, nikitania, nikicheka na kugeuka kuiendea kamera. Nyuma yangu Ida aliacha kucheka. Akaweka mkono mdomoni, akamtazama ndugu yake kwa macho ya mtu aliyefumaniwa. Erasmo akainamisha kichwa.

Ida alikuwa anajua. Aliyekuwa hajui ni mimi, ninayelala naye kitanda kimoja.

"Naweza kuhamishia kwenye mkanda mwingine," Kilian akasema, "nikiruka zile za kurudia. Violet hataona kitu."

Alisema kwa huruma, na ningeweza kukubali. Jenereta ikaanza kukohoa. Nikamwambia anipe mkanda wangu kama ulivyo.

Nyumbani nilimkuta Ida akimenya mihogo. Nikakaa chini karibu naye, nikamuuliza tangu lini.

"Tangu kabla ya Pasaka," akasema. Kisu hakikusimama. "Niliogopa utamwandikia Violet."

"Niliandika kwamba u mzima."

"Najua. Ndiyo maana sikukwambia. Ungejua, usingeweza kuandika hivyo." Akafuta macho kwa kiwiko. "Mpelekee mkanda, baba Violet. Lakini mwandikie kwamba siondoki hapa. Akitaka kuniuguza, aje yeye."

Niliandika jioni ileile, na asubuhi nikampa dereva wa lori bahasha na mkanda. Niliporudi Ida alikuwa mlangoni.

"Umempelekea Violet?"

"Nimempelekea, mama Violet. Nimeandika kwamba huondoki."

Akashukuru. Akaenda jikoni, akawasha moto, akarudi akijifuta mikono.

"Umempelekea Violet?"

Nikaweka chini nilichoshika, nikamgeukia.

"Nimempelekea, mama Violet. Nimeandika kwamba huondoki."