Kuta za Turubai za Kisegi

Zilpah alianza kuogopa kabla hata tone la mvua halijaanguka. Alikuwa ameketi kanisani, upande wa akina mama, mtoto wake mchanga Teresa amelala mapajani, alipoona ukuta ukitanuka na kunywea kama kifua cha mgonjwa.

Ukuta huo aliushona mwenyewe. Mafuriko ya mwaka wa sitini na mbili yalibomoa kanisa la udongo la Wasabato pale Kisegi, na matofali yalikuwa bado. Basi Zilpah, aliyefunzwa na babake kushona matanga ya mashua, akashona vipande kumi na viwili vya turubai. Shemeji yake Javan, fundi seremala, akavitandaza kwenye fremu za mbao, akavikaza kwa kamba mpaka vikalia kama ngoma, kisha akavifunga kwenye nguzo. Watu walitoka hata Migori kuja kutazama.

"Upande wa mlimani tutie fundo rahisi kufungua," Zilpah alimwambia siku ile. "Upepo wa ziwa ukiingia, upate pa kutokea."

Javan alicheka. "Shemeji, hili ni kanisa, si mashua."

Sasa mlango wa upande wa ziwa uling'oka. Upepo ukaingia na mawe ya mvua, na kuta zote zikafura kwa pamoja. Mabati yakapiga kelele. Nguzo ya kona ikapanda kutoka shimoni mwake kiasi cha kidole, ikashuka. Ikapanda tena, safari hii kiasi cha kiganja.

"Msitoke!" alipaza sauti Mzee Nicanor, kiongozi wa kanisa. "Pigeni magoti, tuombe!"

Zilpah hakupiga magoti. Alimpa Pamela, jirani yake, mtoto, akakimbilia ukuta wa mlimani. Mafundo yalikuwa yamelowa na kufura. Kucha zilikatika, kamba hazikulegea. Mkasi wake ulikuwa nyumbani, maana Sabato hashoni mtu. Akapekua vikapu vya chakula cha mchana, akapata kisu cha kukatia malenge.

Nicanor akamshika mkono. "Mama Teresa! Utaharibu nyumba ya Mungu?"

Hakuwa amewahi kumjibu mzee maishani mwake. Sasa alimjibu. "Mzee, niache. Hii nyumba itaruka na sisi ndani."

Nguzo ikapanda tena. Nicanor aliiona. Akamwachia.

Zilpah alidunga turubai juu, akavuta kisu hadi chini. Kitambaa kikapasuka kwa mlio wa bunduki. Akapasua cha pili, cha tatu. Upande wa pili Javan alikuwa akizipiga fremu mateke zianguke nje. Upepo ukapita katikati ya watu ukaenda zake mlimani, na paa likashuka na nguzo zake kwa kishindo. Boriti moja ilichomoka ikamvunja Javan bega.

Walipotoka wote, Zilpah aliketi matopeni. Pamela, akiwa na Teresa mgongoni, ilibidi amkunjue vidole kimoja kimoja ndipo kisu kikatoka.

"Wangapi wamebaki ndani?" aliuliza.

"Hakuna," Nicanor alisema.

"Wahesabu tena, mzee."

Nicanor hakubisha. Akawapanga watu kwenye mvua, akaanza upya kwa sauti, naye Zilpah akimfuata kwa midomo, meno yakigongana.