Tone la Ijumaa

Mpaka kufikia Jumamosi ile asubuhi, Pini alikuwa ameshashauriwa na kila mtu isipokuwa mtu anayejua. Shangazi yake, ambaye ndiye aliyempa jina la Pini kwa wembamba wake, alimwambia ale mayai mawili mabichi na asioge maji baridi. Fundi baiskeli wa pale kona alimshauri aongeze kengele. Jirani mwenye duka alitaka kujua kama huko watapewa chakula. Mama yake tu ndiye hakushauri kitu, na kimya chake kilikuwa kizito kuliko mashauri yote hayo yakifungwa mzigo mmoja.

Mbio zenyewe zilikuwa kesho yake, Jumapili, na kwa Pini zilikuwa za kwanza. Zinaitwa enduro. Waendeshaji wanapanda mlima taratibu, hakuna anayewapima, halafu wakifika juu wanashuka mmoja mmoja kwenye njia ya mawe na mizizi, na hapo ndipo saa inapohesabu. Wanafanya hivyo mara nne. Pini alikuwa ameyaeleza haya nyumbani mpaka ulimi ukaota sugu.

"Yaani kupanda hakuhesabiwi?" shangazi aliuliza kila mara, kana kwamba ndiyo kwanza anasikia.

"Hakuhesabiwi, shangazi."

"Sasa si mngepandishwa na gari, mkashuka, mkarudi nyumbani mapema?"

Pini alikuwa mtu wa subira. Kushona chumba kimoja na mama na shangazi kulikuwa kumemfundisha. Ukifumua mshono kwa pupa, unachana kitambaa. Lakini wiki ile subira yake ilikuwa imebaki uzi mmoja. Kinga za magoti alizoagiza zilikuja zote mbili za mguu wa kushoto. Gurudumu la nyuma lilipata pancha mara tatu. Ijumaa asubuhi, akitoka mazoezini na vumbi mpaka kwenye kope, aliiegemeza baiskeli kati ya cherehani ya mama na meza ya kukatia, maana nje haikuwa salama, akasema bila kumwelekea mtu kwamba na hizi breki nazo zinalia kama zinachinjwa, zinamtia aibu barabara nzima. Akaenda kuoga. Hakukumbuka tena kwamba alisema hivyo.

Jumamosi saa mbili akaitoa kwa jaribio la mwisho. Nyuma ya tangi la maji palikuwa na mteremko mfupi, mkali, unaoishia kwenye nyumba iliyokuwa ikijengwa. Alianza kushuka vizuri. Akaminya breki. Kwanza alishangaa ule utulivu, kwamba hazikulia hata kidogo. Halafu akashangaa kwamba bado anakwenda. Akaminya kwa nguvu zote. Mkono wa breki ulikuwa mgumu kama kawaida, ila gurudumu halikuwa na habari, liliendelea na safari zake. Kilichomsimamisha ni lundo la mchanga la waashi. Aliingia humo mpaka viwiko.

"Dada," mwashi mmoja akamwambia huku akiendelea kuchanganya zege, "mlango wa wageni uko upande ule."

Wenzake wakacheka. Pini akatema mchanga, akaliinamia gurudumu. Sahani ya breki, lile duara jembamba la chuma linalobanwa na pedi mbili ili gurudumu lisimame, ilikuwa inang'aa. Akaigusa, akanusa kidole. Harufu ile aliijua kabla hajajua kusoma. Yalikuwa mafuta ya cherehani.

Kila Ijumaa jioni, kazi ikifungwa, mama yake alichukua kichupa chenye mdomo mrefu, akazunguka nacho nyumba nzima. Cherehani tatu, mikasi, bawaba za milango, kufuli ya geti, miguu ya kiti cha shangazi. Kila kinachozunguka kilipata tone lake, na kinacholia kilipata mawili. Kwa mama, kitu kinacholia kinaomba mafuta, basi. Na haikuwa rahisi kumbishia, kwa sababu miaka yote ile hakuna mashine iliyowahi kumharibikia.

Pini akaikokota baiskeli kurudi, na njia nzima akawa anapanga maneno. Yalikuwa makali na yalikuwa ya haki. Saa kumi jioni baiskeli zote zilitakiwa zifike kwa mkaguzi, na isiyoshika breki haipewi namba. Bila namba hakuna mbio. Miezi minne ya kuamka alfajiri, na michubuko yake yote, ilikuwa imezama kwenye tone la mafuta.

Alimkuta mama anashona kola za sare za shule. Mama akaiangalia baiskeli, akatabasamu, tabasamu la kwanza tangu Pini ajiandikishe.

"Hazilii tena, eeh?" akasema. "Nilizipa mawili mawili. Nikalizungusha na gurudumu, yakaenea."

Pini akaiegemeza baiskeli kwenye meza ya kukatia. Miezi minne mama huyu alikuwa akipita kando ya baiskeli kama mtu anayepita kando ya mbwa asiyemjua. Hakuwahi kusema nenda, wala hakuwahi kusema usiende. Jana jioni alikuwa ameipa kile anachovipa vitu vyake mwenyewe.

"Mama," Pini akasema, "umeniua."

Akamweleza. Breki si sindano hata iteleze. Breki kazi yake ni kung'ang'ania, ukiitia mafuta umeikata mikono. Na pedi zimeshayanywa, huwezi kuzifuta kwa kitambaa ukasema yameisha. Alianza kueleza kwa sauti ya chini, ikapanda, na mwisho akajikuta anafoka kuhusu kinga za magoti za mguu wa kushoto, ambazo mama hakuhusika nazo hata kidogo. Shangazi akaacha kutunga sindano. Mama akaigeuza ile kola upande wa pili, akaishona mpaka mwisho, akakata uzi.

"Si ulisema zinakutia aibu," akasema.

Pini akatoka.

Fundi wa kona alizipindua zile pedi kwenye kiganja chake, akasema za namna hii hana, zinapatikana mji mwingine, na basi la kwenda huko limeshaondoka. Alikuwa na raba za breki za baiskeli za kawaida; akashauri wazichonge. Akashauri pia soli ya kiatu. Kisha akakaa kitako juu ya tairi akafikiri.

"Kwani hizi si mbio?" akauliza. "Anayefunga breki anashindaje?"

Pini akaanza kuhesabu moyoni mpaka kumi. Alipofika saba akachukua pedi zake, akaondoka.

Uani alikuta meza ya kupigia pasi imetolewa nje na pasi imeshapata moto. Pembeni palikuwa na karatasi za khaki za kukatia vipimo, chaki nyeupe iliyosagwa ikawa unga, chupa ya spiriti, na kipande cha msasa. Mama alikuwa amekwenda kuuazima kwa waashi.

"Wamekuulizia," akasema. "Haya, lete hivyo vinavyobana."

"Mama, hiki si kitambaa."

"Kimekunywa mafuta, hakijakunywa?"

"Kimekunywa."

"Basi lete."

Mwaka haukuwahi kwisha bila cherehani moja kutema mafuta kwenye nguo mpya ya mteja, na mama hakuwahi kumkabidhi mteja nguo yenye doa. Akamwambia Pini azisugue pedi kwenye msasa mpaka ule mng'ao utoke. Kisha akazinyunyizia unga wa chaki, akazifunika kwa karatasi, akazikandamiza pasi. Kamoshi kembamba kakapanda. Alipofunua, karatasi ilikuwa na doa jeusi lenye umbo la pedi. Akakung'uta chaki, akatia nyingine, karatasi nyingine. Doa la pili likawa dogo. La tatu likawa dogo zaidi. Pini alikuwa amechuchumaa, anaisugua sahani ya breki kwa spiriti, kitambaa baada ya kitambaa, mpaka kimoja kikabaki cheupe.

"Miezi minne naitazama hiyo baiskeli," mama akasema ghafla, macho yake kwenye pasi. "Sijui niishike wapi. Kila ukitoka nayo naona nitaletewa wewe ndani ya blanketi. Uliposema inalia, nikasema haya. Kulia nakujua."

Pini bado alikuwa na hasira, ila hasira yenyewe haikuwa tena na pa kukaa. Akaokota karatasi iliyotumika, akaikunja, akaikunjua. Akauliza kama waipashe pasi tena. Mama akasema waipashe.

Saa nane wakaenda mteremkoni. Mama alikataa kubaki nyumbani. Akasimama chini kabisa, mbele ya lundo la mchanga, futi ya kupimia ikiwa bado shingoni. Pini alimwomba asogee. Hakusogea. Mara ya kwanza Pini alishuka polepole sana, breki zikashika kwa shingo upande, kama mtu anayekubali kazi asiyoitaka. Mara ya tatu zikashika zaidi. Mara ya sita akaiachia baiskeli mpaka katikati, akaminya, na ukatoka mlio uliowafanya waashi wote waache kazi. Ulikuwa mbaya kuliko ule wa Ijumaa. Baiskeli ikasimama hatua mbili kutoka kwenye viatu vya mama.

Mama alikuwa amekunja uso kwa ule mlio. Mkono wake ukaingia mfukoni mwa aproni wenyewe, bila kutumwa, na Pini akaiona ncha ya kile kichupa ikichungulia.

"Mama, usithubutu."

"Sijafanya kitu."

"Nipe."

"Ni cha geti hiki."

Pini aliuacha mkono umenyooka mpaka kichupa kikaja.

Saa kumi kasoro robo mkaguzi aliminya breki ya mbele, akaisukuma baiskeli, ikalia, akaziba sikio moja. Akaminya ya nyuma, akaliziba la pili. Kisha akafunga namba sitini na mbili kwenye usukani. Akataka kuona vifaa. Pini akatoa begini kofia ngumu, glovu, kinga mbili za mguu wa kushoto, na kichupa chenye mdomo mrefu.

"Hiki cha nini?"

"Mafuta ya cherehani," Pini akasema. "Baiskeli inalala nyumbani leo. Kichupa kinalala na mimi."

Mkaguzi akamrudishia kichupa. Nje ya uzio mama alikuwa amepata mtu wa kumsikiliza, mama mwingine aliyemleta mwanawe. Pini alimsikia akimweleza kwamba kupanda hakuhesabiwi, kinachohesabiwa ni kushuka, na kwamba breki za binti yake zinalia hivyo kwa sababu ni nzima, na wanashuka mara tano.

"Nne, Mama," Pini akasema. "Nimekwambia ni nne."