Mbwa Aliyeguswa

Kila alasiri, baada ya sala, Shazli Abu Dahab alichimba vishimo vyake mavumbini, vitano kwa vitano, chini ya ukuta wa nyumba yake, akacheza mchezo wa siga peke yake. Mkono wa kulia ulichezesha mbwa wekundu, vipande vya matofali. Wa kushoto ukachezesha weusi, kokoto za bondeni. Mbwa ndilo jina ambalo wahenga waliyapa mawe hayo, na Shazli hakuwa mtu wa kubadili neno la wahenga. Waliotoka kukata miwa walimwamkia kwa heshima, kisha, wakishasogea mbele kidogo, wakachekeana:

"Mzee anacheza na kivuli chake!"

"Na kivuli chenyewe kinamwogopa."

Hakuwa mtu wa kuonewa huruma. Alikuwa amesimamia zamu za maji katika mifereji ya kijiji, na hata shamba la kaka yake halikupata tone nje ya zamu. Unyofu huohuo aliuleta kwenye siga: mbwa akishaguswa, ametembea. Sheria hiyo ndiyo iliyomtenga na Bisada, rafiki yake tangu utotoni, siku Bisada alipogusa mbwa, akacheka, akamrudisha. Shazli aliinuka, akakung'uta kanzu yake, na tangu hapo hakucheza naye tena. Kijiji kizima kilikiri kwamba haki ilikuwa ya Shazli. Kisha kijiji kizima kikakwepa kucheza naye.

Mkewe alipofariki, na wanawe walipohamia Kuwait, haki hiyo ikabaki naye nyumbani, ikila naye mkate, ikinywa naye chai.

Alasiri moja Bisada akaja akijikongoja kwa fimbo, amevaa viatu vipya. Nyuma yake, barabarani, pikapu ya mkwewe ilikuwa imepakiwa godoro na sanduku.

"Shazli! Bado hujafa tu?"

"Nakungoja utangulie."

"Utangoja sana, mzee mwenzangu. Binti yangu ananihamishia mjini Minya. Ghorofa ya tano! Huko siga nitachimba wapi, kwenye vyungu vya maua?"

Shazli alitaka kusema, usiende. Badala yake akasema, "Wekundu au weusi?"

"Weusi. Na iwe mara moja tu. Honi ya mkwe wangu haina adabu."

Wakapanga mbwa wao wawili wawili mpaka kikabaki wazi kishimo cha katikati. Mkono wa kushoto wa Shazli, uliozoea kazi, haukujua ukae wapi, akauweka gotini. Kwa miaka mingi hakuwahi kucheza bila kujua hatua inayofuata ya mpinzani wake. Moyo ulimdunda kama wa kijana.

"Mbwa wako wamelala?" Bisada akamchokoza. "Niwapigie mluzi?"

Shazli alijenga ukuta: safu ya wekundu iliyokata uwanja, ikawasonga weusi pembeni hadi wakakosa pa kukanyaga.

"Sina njia," Bisada akasema. "Nifungulie."

Ndiyo desturi: aliyemfunga mwenzake humfungulia njia kwa mbwa wake mwenyewe. Shazli alikwisha kumchagua mmoja wa ukingoni, ambaye kumsogeza kusingemgharimu kitu. Akanyoosha mkono. Honi ikalia. Akageuka kulitazama lile godoro juu ya gari, na kidole chake kikatua juu ya mbwa wa katikati, nguzo ya ukuta wote.

Bisada akakitazama kidole, kisha gari.

"Rudisha," Bisada akasema taratibu. "Mimi sikuona kitu. Nilikuwa natazama gari."

"Ulikuwa unatazama kidole changu."

"Haya, nimeona. Rudisha, ndugu yangu, tuendelee. Mkwe atangoja. Na akichoka kungoja, kesho ipo."

Mwili mzima wa Shazli uliitaka hiyo kesho. Lakini mbwa huyu akirudi, miaka ile yote ilikuwa ya nini?

"Mbwa akishaguswa," akasema, "ametembea." Akamsukuma.

Bisada akawala wekundu mmoja baada ya mwingine, bila dhihaka, kama mtu anayeokota vigae vya chombo kilichovunjika. Akaegemea fimbo yake, akasimama.

"Umenishinda tena, Shazli," akasema, ingawa Shazli hakubakiwa na mbwa hata mmoja.

Pikapu ikaondoka. Shazli akakaa palepale mpaka vumbi likatulia juu ya miwa. Akatazama huku na huku. Njia ilikuwa tupu. Ndipo akawarudisha mbwa, kila mmoja katika kishimo alimokuwa kabla ya honi, maana hakuwa amesahau hata kimoja. Wa mwisho akamshika yule wa katikati, akamweka mahali pake katika ukuta wa wekundu.

Akaondoa kidole. Ilikuwa bado zamu yake.