Mabua ya Tumbaku

Kwa miezi mitatu Mektilda aligeuza lundo la mboji nyuma ya nyumba, mpaka mgongo ukakataa. Siku ya kupandikiza nyanya, mama mkwe wake alichota mboji kiganjani, akaokota kipande cha bua.

"Mwanangu, nyanya zako siku hizi zinavuta sigara?"

"Ni mabua ya tumbaku, mama. Niliona ni taka kama taka nyingine."

"Ugonjwa wa tumbaku huhamia kwenye nyanya. Majani yatajikunja, na hutavuna hata nyanya moja."

Mektilda akakaa chini. Alitamani kulia, akaona hata kulia ni kazi.

"Hii ipeleke kwenye mahindi, hayatadhurika. Ya nyanya tutaomba samadi zizini kwa jirani yetu Ngollo."

"Nani ataibeba, mama?"

"Sisi."

Mektilda akainuka taratibu, akachukua karai.