Mkutano Uliokimbiwa na Wakwe

Kabla ya operesheni ya vijiji, mtu wa kwetu aliweza kumaliza mwaka mzima bila kumwona mama mkwe wake, na wote wawili wakawa na afya njema. Kila ukoo ulikaa peke yake na mashamba yake, na mkwe ulimtembelea kwa taarifa. Halafu ikaja amri ya kuhamia vijiji vya ujamaa. Kijana mmoja alishuka kwenye Landrova akiwa na kamba, akapima mistari, akasema hapa nyumba, hapa nyumba, hapa choo. Hakuuliza nani ameoa kwa nani. Choo changu kikatazamana na choo cha mama mkwe.

Kwetu mkwe hatazamwi usoni. Tena jambo lolote la mwilini halitamkwi mbele yake. Likitamkwa na yeye yupo, unaondoka hapo hapo, hata kama ulikuwa unakula.

Kwa hiyo kijiji chetu, kule nyuma ya Ihanja, kikawa kijiji cha watu wanaojificha. Ukikaribia kona unapaza sauti, "Napita, wakwe!" kama baiskeli inavyopiga kengele. Siku moja nilikaa shambani tangu asubuhi hadi jua kali kwa sababu mama mkwe wangu, Anastazia, alikuwa amesimama njiani akipiga soga. Mtama wenyewe ulikuwa umeshavunwa. Nilijificha nyuma ya mabua mawili matatu, naye aliniona vizuri kabisa, ila kwa heshima alijifanya mimi ni kichuguu.

Aliyefaidika na hali hiyo alikuwa mzee Melkizedeki, msimamizi wa duka la kijiji. Alikuwa na wake watatu kutoka koo tatu, na mabinti zake walikuwa wameolewa katika koo zilizobaki. Alikuwa mkwe wa nusu ya kijiji. Hata mwenyekiti wetu, Leonidas, alikuwa ameoa binti yake. Ungetaka kumshitaki Melkizedeki kwa jambo la aibu, usingempata mtu mwenye ruhusa ya kukusikiliza.

Leah aliligundua hilo. Leah ni mdogo wa mke wangu Theresia. Alikuwa mwanamke mzima, ameachana na mume, amerudi kwa mama yake Anastazia, na kijiji kilimpa kazi ya kuuza pale dukani. Alinikuta nachonga mpini wa jembe.

"Shemeji," akasema, "watu wanasema wewe huna adabu ya mdomo."

"Nasema kweli tu."

"Basi nataka hiyo hiyo. Unisemee mkutanoni Jumamosi."

Akaniambia bila kuzunguka. Melkizedeki alimtuma stoo kuchukua sabuni, akamfuata, akafunga mlango kwa ndani, akamkamata kwa nguvu. Akampasua blauzi. Leah alipapasa rafu, akapata jiwe la mizani la kilo mbili, akamponda nalo gotini, ndipo akapata nafasi ya kutoka.

"Ndiyo maana anachechemea?"

"Ndiyo."

"Alisema alipigwa teke na punda."

"Punda ndiye mimi."

Nilicheka, naye akacheka kidogo, halafu akaacha na mimi nikaacha.

"Nilikwenda kwa mwenyekiti," akasema. "Nilipotaja blauzi tu akaziba masikio. Akasema, shemeji, huyo ni baba mkwe wangu, unataka mwiko uniletee ugonjwa? Sasa duka limefungwa kwa hesabu, Jumatatu tunafungua. Funguo za stoo anazo yeye. Nikirudi, atanimaliza. Nisiporudi, atasema nimeiba sukari nikakimbia."

"Lakini mama yako atakuwepo mkutanoni. Nitatamkaje mbele yake?"

"Utajua mwenyewe, shemeji. Wewe si unasema kweli tu?"

Mkutano ulifanyika ndani ya darasa jipya. Lilikuwa na kuta na matundu ya madirisha, bila paa, na lilikuwa na mlango mmoja tu. Wanawake walikaa upande huu, wanaume upande ule, wote tumetazama sakafu. Leonidas akaita, "Uhuru!" Tukaitikia, "Na kazi!" Kabla hajasoma ajenda, Melkizedeki akasimama, na mguu wake mbovu.

"Ndugu mwenyekiti, mimi sitataja neno, maana hapa kuna wakwe. Nasema tu kuna aibu inakula kijiji hiki. Kuna nyumba moja, mstari wa pili. Wanaume wawili. Mke hakuna. Na kitanda," akashusha sauti, "ni kimoja."

Neno kitanda liliwatosha wanaume kadhaa kuinua matako kidogo, tayari kwa safari.

Kila mtu alijua nyumba hiyo. Ilikuwa ya Gaspari mfuga nyuki na Kombo fundi cherehani. Kombo alitoka Singida mjini, kwa wafanyabiashara wa Kiislamu, akaja kushona sare za mgambo, hakurudi. Waliishi kama mtu na mwenzi wake na walipendana. Wote tulijua, na hakuna aliyewahi kusema. Sasa Melkizedeki alitaka wafukuzwe. Mimi nilielewa kwa nini. Kijiji kikishughulika na kitanda cha watu wengine, hakitauliza habari za stoo.

Gaspari akasimama. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Kitanda ni kimoja kweli. Nimekitengeneza mwenyewe kwa mbao za mninga."

"Na godoro ni langu," Kombo akasema bila kusimama. "Pamba tupu. Mwenye wivu aseme."

Wanawake wakaziba midomo kwa khanga. Mabega yao yalikuwa yanacheka.

"Mnasikia?" Melkizedeki akafoka. "Wanakiri!"

"Tunakiri nini, mzee?" Gaspari akauliza. "Mimi ni mtu mzima, huyu ni mtu mzima, na hakuna aliyeburuzwa. Wewe umeumia wapi?"

Hapo Leah akasimama. "Mimi ndiye niliyeumia. Naomba kusema."

"Shemeji, kaa," Leonidas akasema haraka. "Wakwe wapo."

Leah akanitazama mimi. Nikasimama. Nilikuwa nimejiandaa, maneno yote yalikuwa mdomoni. Halafu nikaona kilemba cha Anastazia, na yale maneno yakarudi tumboni. Nikajisikia nikisema hivi:

"Ndugu mwenyekiti, kuna beberu ameingia stoo."

"Beberu wa nani?" Leonidas akauliza.

"Mzee tu. Mkubwa. Anachechemea."

"Wangu amefungwa," Mathayo akasema. Huyo alikuwa jirani yangu, na aliongea kwa uchungu kabisa. "Kila kitu ni beberu wangu! Juzi mlisema kala alizeti!"

Nyuma huko mtu akasikia beberu, akadhani ni siasa, akapiga kelele, "Ubeberu!" Na sisi kwa mazoea tukaitikia, "Uangamie!" Leonidas akapendekeza stoo iwekewe komeo. Melkizedeki akaunga mkono, tena akasema funguo atatunza yeye. Nikakaa. Leah hakunitazama tena.

Ndipo Anastazia akasimama. Alikuwa mama mfupi, mpole, mtu wa kanisani. Binti wa Melkizedeki aliolewa na mwanawe mkubwa, kwa hiyo na yeye hakuwa na ruhusa hata kidogo.

"Jamani," akasema, "watu wazima mnajadili mbuzi. Melkizedeki alimfungia mwanangu stoo. Alimkamata matiti, akataka kumlala kwa nguvu. Nasema matiti. Nasema kumlala kwa nguvu. Anayetaka kukimbia akimbie."

Tukakimbia.

Sitaki kudanganya, hatukukimbia kwa heshima. Mlango ulijaa mara moja, wengine tukaruka madirishani. Mathayo alitoka na benchi. Leonidas alitoka na ajenda mdomoni. Mimi niliangukia lundo la matofali, nikaziba masikio, ingawa si sana.

Ndani wakabaki wanawake. Baba wakwe zao walikuwa nje na sisi, hivyo hawakuwa na wa kumkimbia. Wanaume waliobaki walikuwa wawili tu, Gaspari na Kombo, maana hao hawakuwa na mama mkwe popote duniani.

Melkizedeki naye alijaribu. "Hata mimi ni mkwe!" akalia, akajitupa kwenye tundu la dirisha. Kichwa kilipita, mabega yakapita, tumbo likakataa. Akabaki hapo, uso nje kwetu, makalio ndani kwa mkutano.

"Msukumeni!" mwanamke mmoja akasema.

"Msijisumbue," nikasikia sauti ya Kombo. "Kiuno hicho nimekishonea suruali nne. Hapo hakitoki."

Uso wa Melkizedeki ulikuwa juu yangu kabisa. "Urbano," akaninong'oneza, "nivute."

"Siwezi, mzee. Mama mkwe yupo."

Ndani Leah akaanza kusema mwenyewe, mwanzo hadi mwisho: sabuni, mlango, blauzi, jiwe la mizani. Hakulia. Alipomaliza, mwanamke mwingine akasema, "Na mimi. Mwaka wa kwanza wa duka." Halafu mwingine, sauti ya mtu mzima sana, "Na mimi, wakati wa njaa. Nilifuata unga." Huku nje wanaume waliokuwa wakicheka wakaacha. Mathayo aliweka benchi chini polepole. Ile sauti ya mwisho ilikuwa ya mama yake.

Nikainua macho nikamtazama Melkizedeki. Alifumba yake.

Leonidas alikuja dirishani kinyumenyume, mgongo mbele, kwa sababu ya wakwe. "Ndugu wananchi," akaita akitazama milima, "wazee wanashauri mzee atoe kondoo, aombe radhi, yaishe."

"Sitaki kondoo," Leah akajibu. "Sitaki radhi. Nataka atoke dukani leo, na nataka apelekwe polisi Singida."

"Basi tupige kura. Wanaounga mkono? Mimi sioni. Gaspari, hesabu!"

"Wote," Gaspari akasema.

"Wote kabisa?"

"Hata wake zake."

"Na huku nje?" Leonidas akauliza. Tukainua mikono, wengine tukiwa tumelala kifudifudi. Melkizedeki peke yake hakuinua, na kwa kweli mikono yake ilikuwa imebanwa.

Ilibidi tuvunje ukuta kumtoa, ukuta tulioujenga kwa nguvu zetu wenyewe. Mgambo wakampandisha kwenye trela la trekta, nyuma ya magunia ya vitunguu. Leah naye akapanda mbele na dereva ili akatoe maelezo, na mama yake akapanda pamoja naye. Kombo alimpa Leah koti lake kwa ajili ya upepo.

"Ajenda ya nyumba ya mstari wa pili bado," mtu akakumbusha, wakati trekta linawashwa.

Anastazia akageuka huko juu. "Hao wamemfungia nani stoo?"

Leonidas akafunga mkutano.

Si kwamba kijiji kiligeuka siku ile. Wako walioendelea kuwanong'ona Gaspari na Kombo, ila walinong'ona wakiwa wamevaa suruali za Kombo na kulamba asali ya Gaspari. Na wako waliosema Anastazia amevunja mila, amelaani mvua. Mvua ilinyesha vizuri tu mwaka ule. Mimi nilimwomba radhi Leah kwa ile habari ya beberu. Akasema, "Shemeji, angalau ulisema anachechemea."

Polisi walimshikilia Melkizedeki. Jumatatu Leah akafungua duka, na mimi nilikwenda mapema kununua chumvi, kusema kweli nikaone kama ataweza. Funguo zote zilikuwa kiunoni mwake. Mteja wa kwanza alikuwa Sara, mke mkubwa wa Melkizedeki. Sara akaomba kipande cha sabuni. Leah akaingia stoo, akatoka nacho, akakiweka mezani. Sara hakukichukua. Alikuwa anaangalia nyuma ya Leah.

"Mlango wa stoo uko wapi?"

"Nimeung'oa, mama."

Sara akatazama lile tundu tupu, akachukua sabuni yake.

"Mngeung'oa zamani," akasema, akaondoka.