Cherehani ya Mama Kapinga

Jina langu lilibandikwa ubaoni siku ya Jumatatu, na mbele yake walikuwa wameandika kwa kalamu nyekundu: mahojiano ya pili, Lodwar. Kila mtu wa kambi ya Kakuma alijua maana yake. Walioaminika waliitwa kupimwa afya kwa ajili ya safari ya Ulaya. Walioitwa mara ya pili ni wale ambao maneno yao hayakukaa sawa. Nilisoma jina mara tatu nikitumaini ni la Céline mwingine, halafu nikaliona la Ngalula, jamaa wa kwetu, chini yake, kwa wino uleule.

Kosa nililijua. Sisi watu wa mji wa Likasi tulikuwa tisa tu kambini, na kila Jumapili baada ya misa tulikusanyika kwa mzee Didace, aliyeyeyusha shaba kiwandani miaka ishirini na sita na hadi leo anatembea kama mtu anayechelewa zamu. Didace alikuwa na picha kumi na moja alizozikata kwenye magazeti ya kwetu. Bomba la kiwanda likitoa moshi. Timu ya mpira ya mafundi umeme. Wafanyakazi wakitoka langoni na baiskeli zao, king'ora cha jioni kimeshalia, ingawa habari ya king'ora gazeti halikuiandika, tuliiongeza sisi. Picha ilipita mkono kwa mkono na kila mmoja akatoa analokumbuka. Kuhusu rangi ya lile lango tulibishana mpaka watu wakanuniana wiki nzima. Akina mama wa Kiturukana waliotuletea kuni walituona vichaa, watu wazima kugombania mlango ulio nchi nyingine.

Picha ya kumi na moja hatukuibishania. Ni ya stesheni, mwaka wa tisini na tatu, tulipofukuzwa kwa sababu babu zetu walitoka mkoa wa Kasai. Umati, mafurushi, na katikati mwanamke amejitwika cherehani. Uso wake hauonekani kwa kivuli cha cherehani hiyo. Mkono mmoja amemshika mtoto wa kike. Mwanamke huyo ni Mama Kapinga, fundi wa nguo. Alitusimulia mwenyewe alivyoibeba kutoka mtaa wa wafanyakazi hadi stesheni bila kuitua, maana aliyetua kitu siku ile hakukiona tena. Malaria ilimuua hapahapa Kakuma mwaka wa tisini na sita. Jumapili iliyofuata, picha ilipomfikia Ngalula, akaanza kusema Mama Kapinga alibeba hivi na hivi, na Didace akamkatiza.

"Ukisema 'yeye', unamuzika mara ya mbili," alisema. "Sema 'mimi'."

Ikawa desturi. Kumbukumbu ya marehemu tuliibeba kwa zamu, na kila mbebaji alisema mimi. Mimi nilibeba cherehani. Mimi sikuitua. Tulisema hivyo miaka miwili, mpaka shingo ikawa inaniuma nikisimulia. Kwa hiyo kwenye mahojiano ya kwanza afisa aliponiuliza niliondokaje Likasi, cherehani ilitoka yenyewe. Nilikuwa nimeshafika nayo stesheni kabla sijashtuka. Kumbe Ngalula naye alikuwa ameifikisha palepale siku mbili kabla yangu. Wanasema njia ya mwongo ni fupi, lakini haki ya Mungu, sisi hatukujua kama tunadanganya.

Hiyo ilikuwa nusu ya hofu yangu. Nusu ya pili sikuwahi kumwambia mtu. Yule mtoto wa pichani hakuwa wa Kapinga. Alikuwa wangu. Nilimkabidhi Kapinga mkono wake nikarudi nyumbani kuchukua vyeti vyangu vya shule, vyeti, hebu fikiria, na niliporudi treni ilikuwa imeondoka nao. Niliwafuata na treni ya wiki ya pili. Kapinga nilimkuta. Mtoto alikuwa ameshazikwa kando ya reli, surua ilimchukua. Kapinga hakunilaumu hata siku moja. Jumapili alipokuwa akisimulia, alisema "mutoto wangu", ili mtu asiulize mimi nilikuwa wapi. Nami nilikaa pale, mwoga mkubwa, nikaipitisha picha kwa jirani.

Mvua za mwaka ule zilikuwa zimeharibu barabara na afisa alikwama Lodwar, basi sisi ndio tuliopelekwa kwake kwa lori. Mara mbili tulisimama kungoja maji ya laga, mto wa msimu wa mvua, yapungue. Ngalula alikaa ubavuni mwangu, akikariri majibu kimyakimya, midomo ikimcheza. Alikuwa na watoto wanne kambini, wa kwanza wao anakohoa tangu Krismasi, na safari ya Ulaya kwake ilikuwa safari ya hospitali. Aliniuliza kama wametuita kwa ajili ya cherehani. Nikamwambia sijui, na nilijua.

Aliingia yeye kwanza. Alipotoka walimpitishia mlango mwingine, tusionane. Kisha wakaniita mimi kwenye chumba walichoazima kwa misheni. Mkalimani alikuwa Asekon, kijana wa hapo Lodwar. Alinisalimu kwa ejok ya kwao, akanimiminia maji. Afisa, mama wa Kizungu mwenye miwani, aliweka mezani nakala ya ile picha ya stesheni, waliyoipata gazetini.

"Anauliza wewe ni yupi hapa," Asekon alisema.

Nikasema mimi simo. Nikaeleza habari za Kapinga, za Jumapili, za kusema 'mimi'. Asekon alinirudisha mara mbili pale penye 'mimi', si kwa kutoelewa, ila alihangaika atalivusha vipi jambo hilo kwa Kiingereza. Afisa aliandika, akaandika. Niliona uso wake umelegea kidogo, na kwa kuwa nimeshaanza, nikasema na la mtoto.

Afisa aliacha kuandika. Akafunua karatasi nyingine, akazungumza taratibu.

"Anasema huyu mtoto ameshaandikiwa mama mwingine," Asekon alisema bila kunitazama. "Leo asubuhi, kwa kiapo. Hawezi kuwa na mama wawili. Mmoja akionekana amedanganya, faili yake inafungwa. Ya cherehani ataiandika kama makosa tu, kwa wote. Lakini hii ya mtoto, kama unataka kuifuta, ifute sasa."

Ngalula hakuwa mwizi. Alibeba sehemu yake ya Kapinga kama tulivyokubaliana, na mtoto alikuwa ndani ya mzigo. Niliwaona wale wanne, nikamsikia yule wa kwanza akikohoa. Kunyamaza kulikuwa rahisi, nilikuwa na mazoezi ya miaka mitano. Lakini nilitazama ile picha na mkono ule mdogo ndani ya mkono ambao si wangu, na nikaona uchungu kiasi kwamba sikuweza kumgawa mwanangu mara ya pili.

"Mwambie aandike," nilisema. "Jina yake Mbombo. Alikuwa na miaka ine. Mama yake ni mimi, na mi njo nilimuacha."

Kwenye lori la kurudi Ngalula alinishikia nafasi. Alikuwa mchangamfu, mara ya kwanza tangu Jumatatu. Alisema afisa alimwonea huruma sana, hata akampa kitambaa cha kufutia machozi. Akaniuliza kama na mimi wameniuliza habari ya mtoto, nikaitikia kwa kichwa.

"Ulisema nini, yaya?" Kwetu yaya ni dada mkubwa.

Mchuma janga hula na wa kwao, na huyu ndiye wa kwetu niliyebaki naye. Nilimshika mkono kwanza. Dereva alikuwa ameshawasha lori, ikabidi nipaze sauti.

"Nilisema ni wangu."

Ngalula akacheka kidogo. Alidhani nimeshika zamu yangu.

"Ni wa shi bote," alisema, yaani wetu sote.

"Hapana, Ngalula. Ni wangu."

Alinitazama, kicheko bado kikiwa usoni, kisha nikaona kinaanza kumtoka. Hakuuondoa mkono wake, ila ulikuwa mzito ghafla. Mbele yetu tulikuwa na kilomita mia na ishirini.