Sahihi ya Mama

Gari la wagonjwa lilipofika kwenye taa za kwanza, dereva alibonyeza kitufe kando ya usukani. Taa ikabaki nyekundu. Akabonyeza tena, kisha akaupiga usukani kwa kiganja.

"Mazoea tu. Kimefungwa tangu Jumatatu."

Nyuma, mjane mmoja alikuwa amemshika mkono binti yake, aliyejifungua salama asubuhi ile kwenye zahanati, kisha damu ikakataa kukata. Kichanga kilibaki na shangazi yake. Nesi alikandamiza tumbo la mzazi kwa mikono miwili, jasho likimtiririka.

"Kimefungwa na nani?" mjane aliuliza, akikatiza sala yake.

"Halmashauri, mama. Zamani nikibonyeza, taa za mbele zinawaka kijani. Sasa ni zimamoto peke yao. Wakazi waliandika barua, eti magari haya tunabebea magunia ya mkaa. Mwenzetu mmoja alibeba, kweli. Basi tukafungiwa sote."

"Na hao walioandika hawaugui?" nesi akafoka. "Wameumbwa kwa chuma?"

Mjane hakurudi kwenye sala yake. Barua ile aliijua. Aliikuta kwa fundi viatu wa mtaani kwake, akaitia sahihi kwa herufi kubwa, akiona amekemea dhambi. Hakuuliza hata kidogo wagonjwa watapitaje.

King'ora kililia weee. Magari ya mbele hayakuwa na pa kusogea, na ya upande wa pili yalizidi kumiminika.

"Mama," binti akanong'ona, "nasikia baridi."

Mjane akafungua mlango, akateremka, akajitosa katikati ya njia panda, mikono juu. Breki zikalia.

"We bibi, umechoka kuishi?" dereva wa lori akapayuka.

"Nitukane, lakini simama! Mwanangu anakufa!"

Lori likasimama. Njia ikapatikana, akapanda. Taa zilikuwa zimebaki tano. Akashuka mara tano.

Hospitalini alisubiri na mkwe wake ukumbini hadi daktari alipotoka, kofia mkononi.

"Mzazi yu hai. Ila kizazi tumelazimika kukitoa. Damu nyingi imemwishia njiani."

Mkwe akamgeukia mjane, macho yamemjaa machozi.

"Asante, mama. Dereva amenieleza ulivyosimamisha magari. Bila wewe..."

"Usinishukuru, baba," mjane akasema. "Kaa chini kwanza. Kuna barua niliitia sahihi."